Kiganja cha Tsiala

Kamera niliinunua darajani, Tbilisi, siku ya Jumapili,
kwa mzee aliyetandika medali na vijiko juu ya boneti ya gari.
Nzito kama tofali. Mkanda wake umekatika,
nikaufunga kwa kamba ya kiatu.
Nina miaka hamsini na tisa. Thelathini nimesoma mita za gesi,
nimeingia jikoni mwa mtaa mzima
na hakuna aliyewahi kuniuliza nimeona nini.

Picha ya kwanza niliyoipenda ni ya Gocha mwokaji:
ameinamia tanuri la udongo, kichwa na mabega yamo ndani,
anaubandika mkate ukutani mwa moto,
miguu imeacha sakafu, kama mtu anayemezwa na kisima.
Nikaisafisha, nikaikausha, nikaibeba chini ya koti
hadi chumba kilicho chini ya maktaba,
ambako kila Alhamisi watu tisa huizunguka meza
na kuambiana ukweli.

Tsiala aliishika kwa ncha za kucha.
Akanyamaza muda wa birika kuchemka.
"Ndoo hii inafanya nini hapa?"
Ndoo? Naapa haikuwepo.
"Na waya huu unaomtoka mgongoni, anachajiwa?"
Wakacheka. Nami nikacheka,
kicheko cha mtu aliyekanyagwa akasema si kitu.
"Ulisimama mlangoni. Uliogopa kuingia.
Picha nzima inanuka mlango."

Kisha akalaza kiganja juu ya nusu ya picha.
Ndoo ikazimika, waya ukazimika.
Vikabaki visigino viwili, na unga kwenye soli.
"Hii ndiyo uliyoipiga," akasema.
"Hiyo nyingine imejileta."

Sikutaka kuona. Nikaona.

Neno kukosoa lina kosa ndani yake
kama plamu ilivyo na kokwa.
Niliitafuna kokwa ile njia nzima,
nikimjibu Tsiala kwa sauti, kwenye baridi,
kwenye lifti yetu inayodai sarafu,
majibu makali, matamu,
yote yamechelewa.

Alhamisi mbili sikwenda.
Ya tatu nikaipeleka picha dukani kwa Gocha,
nimeikata kwa mkasi pale kiganja kilipoishia.
Gocha akatazama visigino vyake, akasema viatu hivyo alishavitupa.
Mkewe, Lamara, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele.
"Ndoo yangu iko wapi?"
Ndoo ipi?
"Niliitua pale sasa hivi, wewe ukiwa mlangoni.
Maji ya unga ninayapandisha mimi, ngazi arobaini.
Umemwacha mwanamume na miguu yake,
mimi umenitia mkasi."

Sikuwa na jibu, hata la kuchelewa.
Akanifungia mkate kwenye gazeti. Pesa hakukataa.

Nikarudi chini ya maktaba.
Usiku huo kulikuwa na mgeni, Vazha, kijana wa miaka kumi na sita,
na picha ya mbwa amelala mlangoni mwa metro.
Tsiala akanitazama mimi: "Anza."

Maneno yalikuwa tayari. Ngazi zimelala upande kama zimelewa.
Mkia umeonekana vizuri kuliko macho.
Nikauhisi utamu wake, asali kwenye ncha ya kisu.
Picha ilikuwa ikitetemeka. Hapana,
ni mkono uliokuwa umeishika.

Nikainua kiganja, nikakiona kiko hewani,
nikakirudisha mezani.
"Niambie kwanza," nikasema,
"kitu gani hapa usingekubali kikatwe?"

Akafikiri. Akagusa doa jeupe
ambalo mimi nililihesabu kuwa kasoro ya karatasi.
"Pumzi yake," akasema. "Kulikuwa na baridi."

Tsiala akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Hata hivyo ngazi zako zimepinda," nikamwambia.
Lazima mtu aseme.
Akaandika kwa kalamu nyuma ya mkono: ngazi.